Kushoto kwa Egidi

Lundo,
3 Februari 2025

Wifi yangu Katarina,

Pokea salamu zetu kutoka huku ziwani. Sisi wazima. Mihogo imeshika vizuri, na wiki hii nyavu zimeleta usipa, dagaa wetu hawa, kwa wingi hadi watu wanaanika mpaka kwenye uwanja wa kanisa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu iliyobaki nyumbani ni moja. Yangu iliingia maji nilipokuwa naosha vyombo, na hiyo moja haitoki mikononi mwa kaka yako Egidi. Barua nimempa dada wa duka anayepanda Mbinga kufuata bidhaa. Sikumpa Egidi, ingawa anapanda huko na wagonjwa karibu kila wiki, kwa sababu inamhusu yeye.

Wifi, naomba uache kucheza naye ile chesi ya kwenye simu.

Najua mlianza zamani, alipokufundisha kule kwenu Namswea kwa ubao wa kuchora na vizibo vya soda. Sina ugomvi na hilo. Lakini amezidi. Unaijua kazi yake, dereva wa gari la wagonjwa hana ratiba. Anaweza kushinda pale kituoni kutwa nzima akisubiri kuitwa, ndiyo maana anapenda ile ya dakika tatu. Anasema mchezo mrefu utakatizwa na mama mwenye uchungu. Gari linapopashwa moto, anacheza moja. Maji ya kuoga yakisubiriwa, moja. Jumapili kengele ya pili imeshalia, nimeshafunga kitambaa, yeye amesimama mlangoni na suruali ya kanisani, kidole kinaruka kwenye kioo: "Moja tu, Herieth, huyu namfunga sasa hivi." Nikimwuliza mbona hafikirii, anasema alishafikiri jana.

Zamani nilikuwa nacheka. Sasa anafungwa, anaanza nyingine, anafungwa tena, anaitukana simu. Na mimi hanioni. Nakaa pembeni yake mezani, naongea, hageuki, kana kwamba kiti changu hakina mtu. Juzi nilimwekea mkono begani akaruka. "Umeingia lini?" Nilikuwa nimekaa hapo tangu tuanze kula.

Naogopa, wifi. Mwanamume asiyemwona mkewe mezani, lazima kuna mwingine anayemwona mahali. Wewe ni dada yake, mwulize. Mimi siwezi.

Ni mimi wifi yako,
Herieth


Mbinga,
9 Februari 2025

Wifi Herieth,

Barua yako imenikuta nasahihisha hesabu za kidato cha pili. Nimeyaacha madaftari, nimeisoma mara mbili.

Habari za mwanamke mwingine sijazisikia, na Egidi simjui hivyo. Ninachokijua ni uchezaji wake, na ngoja nikueleze, maana nami kuna jambo linaninyima raha.

Kwenye chesi ya haraka mtu hana muda wa kujificha. Kaka ningemtambua hata angebadili jina. Anaanza na askari wa mbele ya mfalme, hatua mbili. Farasi anatoka, askofu anatoka, na kabla hujapanga nyumba yako ameshamtoa farasi sadaka mbele ya mfalme wako. Ukuta umevunjika, malkia wake yuko mlangoni. Mara nyingi sadaka yenyewe ni ya uongo. Ungepewa muda ungemkamata. Lakini saa inakimbia, unaogopa, unakosea. Yeye anaishi kwa hofu ya mwenzake. Na hakubali kushindwa hadi amalizwe. Akishinda ananiandikia neno moja tu, "Panda", kama anavyowaambia ndugu wa mgonjwa.

Tangu kabla ya Krismasi namfunga. Herieth, ni mimi huyu niliyezoea kufungwa tangu nikiwa na meno ya utoto. Nilifurahi, nikamwandikia "Panda". Hakujibu. Kisha nikaona kwamba simfungi kwa akili yangu. Askofu wangu anatoka mbali, njia iko wazi kabisa, anakula ngome yake, na yeye anaendelea na shughuli zake kana kwamba hakuna kilichotokea. Hilo si kosa la haraka. Mtu mwenye haraka huona, ila huona akiwa amechelewa. Kaka haoni kabisa.

Niambie ukweli, na usinifiche kwa kuogopa aibu. Amerudia pombe? Analala? Niandikie kila unachokiona, hata kiwe kidogo.

Wifi yako,
Katarina


Lundo,
17 Februari 2025

Wifi Katarina,

Swali lako la pombe liliniuma. Niliona kama unasema nimeshindwa kumtunza kaka yako. Hanywi. Analala kuliko zamani, na akiamka analalamika kichwa.

Umesema nikuandikie hata madogo. Haya.

Anasema namnyima chakula. Nampakulia ugali na usipa, anakula nusu ya sahani, anaisukuma, anauliza, "Usipa uko wapi leo?" Usipa uko palepale mbele yake. Nikimwonyesha anakasirika, anasema nimeuweka sasa hivi.

Ndevu ananyoa shavu moja. Nilidhani ni mtindo, nikamtania. Hakujua ninasema nini.

Kioo cha pembeni cha gari kimevunjika kwenye nguzo ya geti la kituo. Alimwambia Sista Margareta, mkuu wa kituo, kwamba mafundi wameisogeza nguzo. Sista alitoka kwenda kuitazama, akarudi ameduwaa.

La mwisho ndilo linalonitia hofu. Mama anayeuza maandazi pale njia panda alikuja nyumbani analia. Anasema gari la wagonjwa lilimpitia karibu hadi beseni likamdondoka kichwani, na dereva hakupunguza hata mwendo. Nikamwita Egidi mbele yake. Akaapa kwa jina la marehemu baba yenu kwamba barabara ilikuwa tupu. Katarina, ninamjua mume wangu anapodanganya. Hakuwa anadanganya.

Watu wanasema amejaa majivuno. Mimi sijui tena niseme nini.

Herieth


Mbinga,
20 Februari 2025

Wifi yangu,

Soma barua hii ukiwa peke yako.

Ile programu inatunza michezo yote. Jana nimekaa na michezo ya kaka ya miezi hii, nimeirudia mmoja baada ya mwingine. Akicheza weupe, anaharibikiwa upande wa malkia. Farasi wa huko hatoki, ngome ya huko inaliwa bila mlinzi. Lakini kwa kulia bado anauma kama zamani. Nikasema basi, ni udhaifu wa upande wa malkia. Halafu nikatazama akicheza weusi, nikakuta kinyume. Upande wa malkia uko salama, anayeuawa ni mfalme, na mfalme anakaa upande wa pili. Sikuelewa. Nilikaa hapo hadi chai ikapoa.

Kisha nikakumbuka kwamba ukicheza weusi, simu inakugeuzia ubao. Kulia kunakuwa kushoto. Nikaigeuza yangu nitazame kama anavyotazama yeye. Herieth, ni sehemu ileile ya kioo. Weupe au weusi, kila anachokipoteza kiko mkono wa kushoto.

Nikaichukua barua yako. Ndevu, shavu gani? Kioo cha gari, upande gani? Beseni la maandazi, yule mama alikuwa kushoto mwa barabara, sivyo? Na wewe mezani, unakaa wapi?

Nimekwenda kwa tabibu wa macho hapa mjini. Aliponisikiliza aliacha kuandika. Anasema inawezekana macho yenyewe ni mazima na tatizo liko kwenye kichwa, na kwamba mtu wa namna hiyo hajui kama haoni, kwa hiyo usimwite mwongo. Anasema aletwe haraka. Na asiendeshe gari hata kidogo.

Jaribu jambo moja. Akisema amemaliza kula, usiseme kitu. Zungusha sahani.

Nimemwandikia na yeye. Nimeshindwa kumpigia, nilijua sauti ingenitoka vibaya.

Katarina


Lundo,
24 Februari 2025

Katarina,

Barua yako nimeipata. Umenifunga mara chache, sasa umekuwa daktari.

Mimi ni kaka yako mkubwa na nitasema mara moja tu. Macho yangu ni mazima. Naona kisiwa, naona mitumbwi, naona herufi ndogo za kwenye dawa. Kichwa kinauma kwa sababu silali vizuri, na silali vizuri kwa sababu wanawake wawili wanaandikiana barua juu yangu. Mchezo ni mchezo, mtu hupatwa na msimu mbaya.

Unasema nisiendeshe. Nani apandishe wagonjwa? Kituo kina gari moja na dereva mmoja. Mwanamke akianza kutoka damu huku, kati yake na chumba cha upasuaji kuna mlima mzima, na kati yake na mlima niko mimi. Ukae hapo Mbinga ufundishe hesabu zako. Huku kwetu mtu akichelewa anazikwa.

Usimwandikie Sista Margareta. Ukimwandikia, usiniite kaka.

E.


Mbinga,
27 Februari 2025

Herieth,

Kaka amenijibu kwa hasira, na ana haki ya kukasirika. Lakini naomba utazame nilichokuwekea humu ndani. Ni barua yake yenyewe. Usisome maneno, itazame tu. Kila mstari umeanzia katikati ya karatasi. Nusu ya kushoto ni nyeupe kabisa, kuanzia juu mpaka chini. Huyu ndiye aliyenifundisha kuandika, akinipiga kidole nisipoanzia kwenye pambizo.

Nasimamia mitihani hadi Ijumaa, Jumamosi nashuka. Nitamwambia Sista mwenyewe, uso kwa uso, na kaka asiponiita tena dada nitavumilia. Nakuomba mzuie hadi hapo. Ficha funguo. Jifanye unaumwa. Fanya lolote.

Katarina


Songea,
1 Machi 2025

Wifi Katarina,

Nimekupigia kwa simu ya muuguzi, hupatikani. Ya Egidi imezima na chaja imebaki Lundo. Kondakta wa basi ameahidi kukufikishia hii kabla hujaanza safari, kwa hiyo usishuke ziwani. Hatupo. Tupo hapa Songea, hospitali. Wote wawili tuko hai.

Naanza mwanzo, maana nikiruka nitachanganya.

Sahani niliizungusha, siku ileile nilipopata barua yako. Alikuwa amesema ameshiba. Niliigeuza akiwa anatazama nje, akarudisha macho, akasema, "Kumbe umeongeza," akaanza kula upya. Nilikwenda jikoni nikakaa chini.

Alhamisi asubuhi wakamleta mama mmoja kwa machela ya miti, damu haikatiki. Mvua ilikuwa imenyesha. Nikamkimbilia Sista Margareta kwenye veranda nikamwambia yote, chesi, sahani, beseni. Alinisikiliza huku anavaa glavu. Akanitazama, akamtazama yule mama, akatazama gari. Akasema, "Hakuna dereva mwingine. Nikimwacha hapa anakufa saa hii. Mimi lazima nikae nyuma nimshikie dripu. Wewe panda mbele."

Nikapanda. Unajua abiria wa mbele anakaa wapi. Anakaa kushoto kwake.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Sista amenituma."

Akawasha gari. Mpaka Mbamba Bay nilikuwa nasema, "Kushoto baiskeli. Kushoto mbuzi. Kushoto mama na kuni." Yeye anajibu, "Nyamaza, naona." Labda aliona, maana kila nilipotaja aligeuza kichwa, gari likasogea kidogo kulia. Nilikuwa nimeshika dashibodi kwa mikono miwili. Nyuma Sista anasali kwa sauti, na yule mama mwanzoni alikuwa analalamika, baadaye akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya zaidi.

Tulipoanza kupanda, juu kidogo ya Tingi, kulikuwa na wanafunzi wanatoka kisimani na ndoo, wamejipanga pembeni mwa lami. Nikasema, "Egidi, watoto kushoto."

Akasema, "Watoto gani?"

Alisema kwa upole kabisa, wifi, kama mtu aliyeulizwa kama anataka chai. Na gari linakwenda kwao.

Nilivuta usukani. Sijui nilivuta vipi. Gari likakwaruza ukuta wa mlima upande wa pili, likazimika. Sista akagonga kioo: "Kwa nini tumesimama?" Egidi alikuwa amefura kwa hasira, amenyanyua mkono. Nikamshika kidevu nikamgeuza uso wote, nikaushikilia hapo. Watoto walikuwa mtaroni, ndoo zimemwagika, wanatutazama. Mmoja alikuwa amekaa chini ameziba masikio.

"Wametoka wapi?" akasema.

"Walikuwepo."

"Herieth, hapakuwa na mtu."

"Walikuwepo tangu kwenye daraja. Ni wengi. Mimi pia nimekuwepo hapa muda wote."

Akayafumba macho, akayafumbua. Akageuza kichwa kulia halafu akarudi kushoto taratibu, na nikaona anavyowakuta wale watoto mmoja mmoja, kama wanazaliwa mbele yake. Akaondoa mikono kwenye usukani. Katika ndoa yetu sijawahi kumwona Egidi akiogopa. Sijui kama ningependa kuona tena.

Nilidhani atashuka. Nilitamani ashuke. Lakini nyuma kulikuwa na yule mama. Akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya goti lake la kushoto. "Usiongee," akasema, "maneno yanachelewa. Nikikaribia ukingo, finya."

Ndivyo tulivyopanda. Polepole, kila kona nafinya, ukungu umeshuka, na upande wangu wa dirisha sikuona chini kabisa. Goti lake lina alama za kucha zangu hadi leo.

Tulifika Mbinga. Mama yu hai. Mtoto yuko kwenye chumba cha joto, hawajatuambia kama atapona. Egidi alizima gari, akazunguka hadi kwa Sista, akamwekea funguo mkononi, akasema, "Sista, hata nikikuomba vipi, usinipe hizi tena." Kisha akakaa kwenye ngazi za hospitali, hakuinuka mpaka tabibu wako wa macho alipokuja kumchukua.

Jioni ileile tukaletwa hapa Songea kwa gari la hospitali, hata nafasi ya kukutafuta hatukupata. Wamesema kichwa kipigwe picha, na baada ya picha wakasema kuna uvimbe, na uvimbe huo hautolewi hapa. Lazima Dar es Salaam. Egidi ameniuliza kama nimekuandikia. Nimesema ndiyo. Akasema nikwambie bado wewe ni dada yake.

Njoo na nguo nzito za kumvisha. Njoo upesi.

Herieth


Mbinga,
19 Machi 2025

Wifi,

Umesema keshokutwa ndiyo siku ya upasuaji, kwa hiyo barua hii naipa kondakta wa basi la leo la Dar es Salaam. Kwenye simu nilishindwa kuongea kwa sababu mama yuko hapa nami, amekuja kutoka Namswea, na hataki jambo hilo litajwe kwa sauti. Anachambua maharage yaleyale tangu asubuhi. Anamwaga, anachambua tena.

Nataka kumwandikia kaka lakini sijui nianze wapi, kwa hiyo mwambie wewe. Mwambie nilikwenda wodini, nimemwona yule mama wa Lundo. Anakaa. Mtoto ananyonya. Mwambie sijaifungua ile programu, nasubiri. Mwambie kwamba daktari akisema ahesabu kabla ya usingizi, asihesabu haraka. Hakuna saa inayomkimbiza.

Mimi naogopa. Wanafunzi wameniuliza swali leo nikasahau nimesimama wapi. Nikifikiria kwamba watakifungua kichwa ambacho ndani yake kuna sauti ya kaka yangu, natoka nje nahema.

Kaa upande wake wa kulia, Herieth. Akiamka, akuone wewe kwanza.

Katarina


Lundo,
25 Mei 2025

Mdogo wangu Katarina,

Kama unavyoona, nimeanzia kwenye pambizo. Daktari amenipigia mstari mwekundu ubavuni mwa karatasi na ameniambia nisianze kuandika mpaka niuone. Mara nyingine nautafuta kwa muda mrefu. Kuandika huku ndiko dawa niliyopewa. Simu wamenikataza kwa sasa.

Uvimbe haukuwa ule mbaya. Herieth ameshakwambia. Lakini ulikaa pale miaka, ukikandamiza, na kilichokandamizwa hakikurudi chote. Daktari anasema macho yangu hayana kosa, ni ubongo unaosahau kwamba upande ule upo. Kuendesha, basi. Nilimwuliza mara mbili nikidhani nimesikia vibaya.

Nataka kukusimulia safari ya kurudi kutoka kwako, kwa sababu Herieth alikuwa amelala siti ya nyuma na mimi sijamwambia mtu.

Unamkumbuka Wilfred, dereva mpya aliyekuja kutuchukua. Kijana mzuri, mikono yake imetulia, lakini mlima hajauzoea. Alinikalisha mbele kwa heshima. Nilijua nakaa kiti cha Herieth. Tulianza kushuka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliogopa barabara ile. Nilisikia matairi upande wangu, nikajua kuna kitu pale, na nikitazama mbele hakuna kitu. Si giza. Giza ningeliona. Hakuna tu. Nilishika mkanda kwa mikono yote miwili kama bibi kizee anayepanda gari mara ya kwanza.

Tukakuta ukungu, ule mzito wa asubuhi ambao unameza hata boneti. Wilfred akapunguza mwendo. Akasema, "Kaka Egidi, wewe ndiye mwenyeji. Baada ya hapa kona ni ya wapi?"

Nimepita pale zaidi ya nilivyopita mlangoni kwangu. Zamani angeuliza ningekuwa nimeshajibu kabla hajamaliza. Nilifungua mdomo, Katarina, nikaitazama barabara ndani ya kichwa changu. Nikaanza juu kabisa, nikashuka nayo. Kona ya kulia, nikaiona. Kipande kilichonyooka, nikakiona. Kulia tena. Halafu nikashtuka. Katika kichwa changu barabara nzima ilikuwa inakata kulia tu. Mlima gani unashuka kwa kulia peke yake? Nilirudi juu nikaanza upya, ikawa vilevile. Hapo ndipo nilipoogopa hasa, kuliko siku ya watoto, kuliko asubuhi ya kisu.

Wilfred alikuwa anasubiri, mguu uko kwenye breki. "Kaka?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa tayari, na nilikuwa na uhakika nalo. Kulia.

Nikamwambia, "Sijui. Simama. Zima gari, tusubiri."

Akawasha taa za tahadhari, akazima injini. Herieth aliendelea kulala. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye miti, na mimi nilikaa hapo natazama weupe ule.

Ukungu ulipanda taratibu, ukaanza na matairi, kisha jiwe la ukingo, kisha lami. Nikageuza kichwa hadi mwisho kama walivyonifundisha.

Kona ilikuwa ya kushoto.

Kaka yako,
Egidi